Siku sita Dar na wanafunzi 14, neno "kawaida" tumelifungia nje

Jumapili usiku

Mkoba uko tayari, daftari ndogo 14 na kalamu, na maji ya kutosha maana jua la wiki hii silielewi. Kesho naanza kutembea na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, siku sita, humuhumu Dar, hakuna basi la mkoani wala hema wala posho.

Nieleze imekuaje. Nafundisha utangulizi wa anthropolojia, elimu ya kuchunguza watu na maisha yao, na kwa wiki tatu nimesimama mbele ya slaidi nikiwapa maana za maneno, wao wanaandika, mi nasonga mbele. Juzi nikawapa kajaribio, swali moja tu, anthropolojia ni nini, na karibu wote wakajibu ni somo linalochunguza mila na desturi za makabila, na kijana mmoja akaongezea "hasa yale yaliyo nyuma kimaendeleo". Iliniuma sana yani. Siyo kwa sababu amekosea jibu, ila kwa sababu huyo kijana bibi yake yuko kijijini Njombe, anampenda, anampigia simu kila Jumapili, na hakuona kwamba sentensi yake imemweka bibi yake huko "nyuma".

Kwa hiyo nikafunga slaidi. Sheria nilizowapa ni chache, hakuna laptopu, hakuna kupiga picha bila kuomba, unaandika ulichoona na ulichosikia kabla hujaandika unachofikiri. Na neno moja limepigwa marufuku kwenye daftari wiki nzima, neno "kawaida", pamoja na ndugu zake "mila na desturi". Maana mtu akikuuliza kwa nini mnafanya hivi ukamjibu "ni kawaida" au "ndo mila zetu", umeshafunga mlango, na anthropolojia yote inaanza kwa kuusukuma huo mlango taratibu.

Niliwasimulia pia habari za Malinowski, yule mwanaanthropolojia Mpoland ambaye vita ya 1914 ilimkuta huko upande wa Australia, na kwa kuwa alikuwa raia wa Austria-Hungary akahesabika mtu wa upande wa adui. Akaishia visiwa vya Trobriand, karibu na Papua, na kati ya 1915 na 1918 alikaa huko kwa vipindi virefu, hema lake katikati ya kijiji, akijifunza lugha, akiangalia watu wakiamka, wakipika, wakigombana. Kabla yake wengi walikuwa wanakaa kwenye baraza ya mmisionari au ya bwana shauri, wenyeji wanaitwa waje waulizwe maswali. Sisi hatuna Trobriand, tuna stendi ya Makumbusho.

Jumatatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tupo stendi. Nimewagawa, wengine wapande gari za Mbagala waende na kurudi, wengine wasimame na wapiga debe, na kijana mmoja wa Mbeya aliyeteguka mguu kwenye mpira nikamkalisha kwa mama ntilie mmoja pembeni, kwenye benchi, nikamwambia kazi yako wiki nzima ni hapa, kila asubuhi. Akasikitika kidogo, alidhani nimempa kazi ya mgonjwa.

Binti mmoja wa Tandika akarudi saa tatu na ukurasa mweupe. "Madam mi sina cha kuandika, daladala napanda tangu shule ya msingi, ni kawaida tu." Akajishtukia mwenyewe akaziba mdomo. Nikamwambia rudi, panda tena, ila safari hii jifanye umetumwa kutoka mahali ambapo gari halipo kabisa, ukirudi utawaambia nini?

Akarudi na ukurasa mmoja na nusu, nimeusoma mara tatu. Kaandika hivi, kuna dada amepanda na mkoba na mtoto wa kama miaka miwili, siti zimejaa, amesimama. Mwanaume aliyekaa karibu yake bila kusema neno kaupokea mkoba kauweka mapajani. Mwanamke wa dirishani kanyoosha mikono kampokea mtoto. Hakuna aliyejuana na mwenzake, hakuna aliyesema asante. Lakini yule dada, kamkabidhi mtoto kwa mtu asiyemjua, huku simu yake kaibana kifuani kwa mikono miwili mpaka anashuka. Na chini kabisa binti kaandika swali, mtoto na simu kipi cha thamani zaidi?

Hapo ndo nilipoona kazi imeanza. Na raha zaidi ni kwamba alikuwa amemfuata yule dada aliposhuka akamuuliza, kwa adabu, "dada samahani, mbona mtoto umempa mtu lakini simu hukumpa?" Na dada akamshangaa, akafikiri, akajibu, "Mtoto ataenda naye wapi na gari zima linamwona? Simu si inaingia mfukoni." Yani uaminifu hauko kwa yule mwanamke wa dirishani, uko kwa macho ya gari zima. Hilo jibu mi nisingelipata kwa kukaa ofisini nikiwaza, lilikuwa kwa mwenyewe, ilibidi aulizwe.

Wale wengine waliandika mengi kuhusu konda, sarafu anazozitikisa kiganjani akidai nauli bila kufungua mdomo, anavyopiga bodi la gari na dereva akaelewa ondoka au subiri. Wawili wakabishana sana kuhusu makofi ya bodi, mmoja anasema ni moja simama mawili twende, mwingine anasema inategemea na konda. Nikawaacha wabishane, kisha nikawapa mfano wa mwanaanthropolojia Clifford Geertz, aliouandika 1973 akiuazima kwa mwanafalsafa Gilbert Ryle. Vijana wawili jicho linafumba na kufumbuka haraka, mmoja linamcheza tu lenyewe, mwingine anamkonyeza rafiki yake. Ukipiga picha huoni tofauti yoyote, ila tofauti ni kubwa mno, na kazi yetu ni kuandika kwa namna ambayo hiyo tofauti inaonekana.

Binti wa Bagamoyo akanyoosha mkono. "Lakini Madam, jicho likicheza nalo lina maana yake. Kwetu mtu jicho likimcheza anasema nitaona mgeni, au nitalia." Nikabaki nimesimama. Mfano huo nimeufundisha miaka, sikuwahi kufikiri kwamba hata lile jicho ambalo Geertz alilichukulia kuwa tupu, pwani ya kwetu limejaa habari. Usiku huu nimeuandika kwenye daftari langu mwenyewe.

Kijana wa Mbeya wa kwa mama ntilie kaandika mistari minne. Mmoja unasema: "Mama anawapa vijana wa bodaboda chakula bure, huu ni ukarimu wa Kiafrika." Sikumkosoa. Nimemwambia kesho rudi ukaangalie tena. Naye kumbe alipewa chai na chapati mbili, alipotaka kulipa mama akamwambia utalipa siku nyingine.

Jumanne

Kariakoo. Kabla ya kukaa popote tulianza kwa kutembea, kutoka Posta kuja Mnazi Mmoja mpaka sokoni, na niliwaomba waangalie chini na juu, upana wa barabara, ukubwa wa viwanja, miti iko wapi. Mji huu ulipangwa na watu waliokuwa wanafikiri kwa rangi za ngozi, Uzunguni huko ufukweni penye upepo na bustani, Uhindini katikati penye maduka, Waafrika huku, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama uzio wa nyasi. Na jina lenyewe Kariakoo ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza walioweka kambi hapa baada ya mji kuchukuliwa 1916. Wanafunzi wengi hawakulijua hilo, wanapita hapa kununua viatu. Nikawaambia basi mkiandika "watu wa uswahilini wanaishi kwa kubanana" mkumbuke kuna mtu alichora mstari, kubanana hakukuota kwenye damu.

Saa nne tukakaa kijiweni, kahawa kwenye vikombe vidogo, kashata, dele juu ya mkaa. Wazee walitupokea vizuri tukatoa shikamoo kwa mzunguko. Muda kidogo akaja mzee mwingine kwa baiskeli, na yule aliyekaa karibu yangu, Mzaramo, akapaza sauti, "Haya mzigo umefika wenyewe, leo umembebea nani?" Na yule wa baiskeli, Mnyamwezi, akamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kuhusu ukoo mzima wa mwenzake na uvivu wake. Binti wa Moshi akanishika mkono, anaona ugomvi unaanza. Kijana wa Tabora kacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Hiyo ni utani, na nafikiri ni moja ya vitu vikubwa nchi hii ilivyonavyo. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika makala kuhusu mahusiano ya namna hii 1940, akasema kuna watu wameruhusiwa, tena wamewajibika, kuvunjiana heshima bila mtu kukasirika, na kwamba hapo ndani undugu na upinzani vinakaa pamoja. Mzee wetu alilieleza vizuri kuliko makala. Alisema Wanyamwezi walikuwa wanakuja pwani na misafara wakibeba mizigo, wanakaa kwenye ardhi ya watu wiki na miezi, "sasa mgeni wa namna hiyo utagombana naye au utamtania? Ukimtania hasira zinatokea mdomoni, haziingii mkononi". Halafu akawaambia wanafunzi kuhusu msiba, kwamba akifa yeye, yule wa baiskeli atakuja kulala mbele ya jeneza na kusema hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe, na watoto wake watalazimika kucheka wakiwa wanalia, na huyohuyo ndo atakayebeba maji na kuchimba kaburi. Akasema hilo huku anamwangalia mwenzake na wote wawili wakanyamaza kidogo. Hakuna mwanafunzi aliyeandika chochote pale. Nilifurahi hawakuandika.

Baadaye njiani wakaanza wenyewe, kumbe ndo maana magazeti yanasema Simba na Yanga watani wa jadi! Yanga ya 1935, Simba ya 1936, miaka yote wanasemana na bado watu wa nyumba moja wanakula sahani moja. Kijana mmoja akasema basi ni uadui tu umepewa jina zuri, mwenzake akakataa, adui haji kwenye msiba wako. Walibishana mpaka kituo cha Fire.

Jumatano

Siku ngumu, nimechoka ila si uchovu wa miguu.

Tulienda Kijiji cha Makumbusho, zile nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake kamili, msonge wa Wahaya, tembe na nyinginezo. Napapenda pale toka nikiwa mdogo, kuna kivuli na kuna utulivu. Kijana wa Bukoba akaingia kwenye msonge, akakaa ndani muda mrefu mpaka nikamfuata. Akaniambia babu yake alizaliwa kwenye nyumba kama hii, alisimuliwa, hajawahi kuiona, na anasikia kulia. Halafu hapohapo akasema, "Lakini Madam, kibao kinasema Wahaya wanaishi. Hawaishi humu. Kwetu ni bati na tailizi."

Tukakaa chini pale nyuma ya nyumba tukaliongea hilo. Ni ugonjwa wa siku nyingi kwenye fani yetu, kuandika watu kana kwamba saa yao imesimama, "Wafulani wanaamini", "Wafulani wanakula", hakuna mwaka, hakuna kodi, hakuna shule wala barabara. Kwa hiyo zoezi likawa kila mmoja achague nyumba moja aandike maswali ambayo kibao hakiyajibu, nani alijenga, alilipwa nini, ilichukua muda gani, mwanamke alilala upande upi na nani aliamua, mvua ikinyesha maji yanaingia wapi.

Na ndipo yule kijana aliyeandika "nyuma kimaendeleo", wa Njombe, akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri tangu Jumapili. "Madam, hii fani si ya wakoloni? Kwa nini tuisome?"

Sikumficha. Serikali ya Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa na mtaalamu wake wa kuajiriwa, Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyezunguka kuandika sheria na desturi za watu ili watawala wajue wanatawala nini, kitabu chake cha sheria za Wasukuma kilitoka 1953, na makaratasi yake mengi yapo mpaka leo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani. Kitu kikiandikwa namna ile kinaganda. Desturi iliyokuwa inabishaniwa na wazee kila msimu inakuwa ibara, inakuwa sheria, na mwenye kitabu anamshinda mwenye kumbukumbu. Hilo ni deni letu, hatuwezi kulikwepa.

Ila nikawaambia pia kwamba Mlimani hapohapo, kuanzia 1969 mpaka 1971, idara ya sosholojia iliongozwa na Archie Mafeje, Mwafrika Kusini ambaye mwaka mmoja kabla Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi halafu kikamnyang'anya kwa shinikizo la serikali ya kibaguzi. 1971 alitoa makala akisema neno "kabila" lenyewe, namna linavyotumika kuelezea kila kitu cha Afrika, linaficha zaidi ya linavyoonyesha. Wapiganaji wawili wa siasa Ulaya wakigombana ni siasa, huku kwetu wakigombana ni ukabila, kwa nini? Na kabla yake Jomo Kenyatta alikaa darasani kwa huyohuyo Malinowski pale London, akaandika kuhusu watu wake Wagikuyu, kitabu kikatoka 1938, na ndani yake anatetea ardhi iliyoibiwa. Chombo ni kilekile, kimegeuziwa mwelekeo.

Kijana hakusema nimekubali. Alisema, "Basi mi nitaanza na bibi." Akafungua daftari jipya ukurasa wa kwanza akaandika jina la bibi yake, na chini yake swali la kwanza, bibi ulipokuwa na umri wangu ulikuwa unamwogopa nani?

Nilijificha kidogo nyuma ya tembe nikafuta macho.

Alhamisi

Feri, alfajiri. Mnada wa samaki, madalali wanaita bei, mikono inaongea kuliko midomo. Nilitegemea siku nzuri, ila kosa tukalifanya sisi. Wanafunzi wawili walitoa simu wakampiga picha mama anayepaa samaki bila kumuomba, na mama akasimama na kisu mkononi akawauliza, "Mi ni samaki?" Ilibidi niende kuomba radhi, nikawapigisha magoti wale wawili kama kwetu tunavyofanya kwa mkubwa, picha zikafutwa mbele yake. Alitusamehe lakini hakutaka kuongea tena na ana haki.

Tukaondoka saa mbili. Jioni nimewaambia kitu kimoja tu, mtu anapokuruhusu umwangalie amekupa kitu. Mengine watayaona wenyewe.

Kijana wa Mbeya, noti za leo: wale vijana wa bodaboda ni walewale sita kila siku. Mmoja alikuja na ndoo mbili za maji kabla ya kula. Mwingine alileta gunia la mkaa toka barabarani. Hakuna aliyeambiwa. Kalichora mstari neno "bure" na kuweka alama ya kuuliza.

Ijumaa

Buguruni, kwa mama mdogo wa binti wa Tandika, wanamtoa mwali, harusi wiki ijayo. Tuliomba ruhusa siku tano kabla na tukaja na mchango wetu, siyo kama watu wa kuangalia.

Mlangoni tu kundi likagawanyika. Mabinti na mimi tukaingia ndani, wavulana wakabaki nje na wazee wa kiume chini ya turubai, na walilalamika jioni kwamba hawajaona kitu. Nikawaambia hilo ndo la kuandika. Ulichoona kimechongwa na wewe ni nani. Vitabu vingi vya zamani vimeandikwa na wanaume waliokaa nje chini ya turubai, wakaandika "wanawake hawana nafasi kubwa kwenye jamii hii". Wakati mwanamke mmoja kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, alikaa na Wazaramo wa Bunju, hapohapo njia ya Bagamoyo, na kitabu chake cha 1970 kimejaa mambo ya mwali na akina mama kwa sababu alikuwa upande wa ndani wa mlango. Na mabinti nao niliwapa onyo lao, yanayosemwa na kungwi hayaandikwi. Kuna jambo unalijua ili uishi nalo, siyo ili ulichapishe.

Ila daftari la zawadi tuliruhusiwa kuandika habari zake, na nataka nilieleze vizuri maana ni moyo wa wiki nzima. Ngoma ikiwa imekolea akina mama wanakuja kutunza, huyu doti ya kanga, huyu beseni na sufuria, huyu noti anazibandika kwenye paji la uso la mwali, na pembeni kuna binti wa darasa la saba amekaa na daftari kubwa anaandika kila jina na kila kitu. Mama wa mwali akatuonyesha kurasa za nyuma. Mama fulani wa Vingunguti, mwaka juzi alimtunza binti wa kwanza wa huyu mama doti mbili, na huyo wa Vingunguti alipomwozesha wa kwake, huyu mama akampelekea doti tatu na thermos. "Ukirudisha kilekile umemwambia tumemalizana," alisema. "Lazima uzidishe kidogo. Au upunguze kidogo, mradi pabaki kitu." Kanga aliyojifunga mwenyewe imeandikwa WEMA HAUOZI.

Sasa nikashindwa kujizuia, nikawasimulia hapohapo njiani tukirudi. Watu wa Trobriand wana mzunguko wao wa kupeana zawadi unaitwa "kula", neno la kwao, Malinowski aliuandika kwenye kitabu chake cha 1922. Mikufu ya simbi nyekundu inaitwa soulava, inazunguka visiwa kufuata upande wa saa, na vikuku vyeupe vya kombe vinazunguka upande wa pili. Watu wanavuka bahari kwa mitumbwi, kwa hatari kweli, kwenda kupokea kitu ambacho hawatakaa nacho, watakipeleka kwa mwenzao mwingine. Na hivyo vikuku vinaitwaje? Vinaitwa mwali. Gari zima lilipiga kelele. Ni bahati ya sauti tu, ninavyojua mimi neno hilo halina chanzo kimoja kwenye lugha hizo mbili, nikawaonya wasije wakaandika asaimenti nzima kwamba Watrobriand ni Wazaramo. Lakini nafikiri hawatasahau.

Mfaransa Marcel Mauss aliichukua habari hiyo na nyingine nyingi, 1925 akauliza swali ambalo naliona kila Jumamosi mjini hapa kwenye kadi za michango ya harusi, ndani ya kitu ulichopewa kuna nguvu gani inayokulazimisha kurudisha? Binti wa Tandika alikuwa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Siku zote nilikuwa naona mama mdogo anapoteza hela." Hakuendelea.

Jumamosi

Siku ya kurudisha. Hii niliiweka mwisho makusudi, kila mmoja aende kwa aliyemwandika akamsomee alichoandika. Wote walikuwa na hofu, na hofu hiyo ni nzuri.

Wazee wa kijiweni walisikiliza, wakasahihisha jina la mtaa, na yule Mnyamwezi akataka iandikwe kwamba katika utani yeye ndo alishinda. Kikaandikwa, na Mzaramo akataka pingamizi lake liandikwe chini yake, likaandikwa. Wapiga debe walikataa neno "vurugu", wakasema kuna zamu pale, kuna orodha, nani anaita gari la ngapi, wewe ndo huijui. Wanafunzi wakakaa tena saa nzima kuijifunza hiyo zamu, na kweli ipo.

Mi nilienda na kijana wa Mbeya. Mguu bado anauvuta kidogo. Mama ntilie alikuwa anageuza chapati, akasema soma nasikia, na kijana akasoma kurasa sita kwa sauti ya kutetemeka, alipofika kwenye maji na mkaa mama akatikisa kichwa ndiyo, alipofika kwenye ule mstari wa Jumatatu, ambao hakuufuta, aliusoma kama ulivyo ili aone, mama akasimamisha mwiko.

"Bure? Nani kakwambia bure?"

Akaeleza. Kati ya wale sita, wawili wanalipa kwa wiki, mmoja kwa mwezi, mmoja hajalipa tangu Ramadhani na hamdai kwa sababu pikipiki yake ilikamatwa. Na yeye mama ntilie alipofiwa na mama yake mwaka jana, hao vijana ndo walizunguka stendi nzima na kopo, ndo waliompakia mpaka Mkuranga usiku, bila hata mmoja kutaja mafuta. "Sasa hapo nani anamdai nani, mwanangu? We una hesabu, niambie." Kijana akasema hajui. "Na mimi sijui. Andika hivo, hatujui."

Akaandika. Kisha akakumbuka chai na chapati zake za Jumatatu, akatoa elfu mbili akamnyooshea kwa mikono miwili, "Mama na mimi basi nilipe deni langu, leo ndo mwisho wetu kuja."

Mama hakuipokea. Akarudi kwenye chapati yake. "Ukishalipa," akamwambia, "utarudi kufanya nini?"

Kijana akasimama pale na noti yake mkononi. Akanitazama mi sikusema kitu. Akairudisha mfukoni, akaiona ile ndoo tupu chini ya meza, akaninyooshea daftari, "Madam nishikie," na akaondoka na ndoo kuelekea bombani akichechemea.